UZI: Tulivuka mpaka kumfuata bundi (siku nne Mida, Sokoke na Gede na mwongozaji wa pale pale)

#1 Chozi wa Pangani

Habari za usiku wakuu. Humu nimekuwa msomaji kwa miaka, leo ndiyo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Mrefu, mnivumilie.

Desemba shule zilipofungwa, mimi na mjomba wangu tulisafiri kwenda kuangalia ndege. Hawa wa manyoya. Nasema mapema kwa sababu nilipoaga ofisini mwalimu mwenzangu aliniuliza kwani Tanga uwanja hauna.

Mjomba ana miaka 71. Alikata mkonge mpaka akawa nyapara, na katika miaka yote hiyo alijifunza ndege kwa kuwasikiliza tu. Kurumbiza akilia anakwambia, tiva akijibizana na mkewe kichakani anakwambia, dudumizi akianza kuguguma anakwambia kaanue nguo. Wanangu wanajua simba, tembo na kuku. Kila akija nyumbani tunagombana juu ya hilo, basi nikasema safari hii iwe zawadi yake, na watoto nije niwasimulie.

Njia: Pangani, Tanga, Horohoro, Lungalunga, feri ya Likoni, kisha matatu ya Malindi mpaka njia panda ya Gede. Tulichoka. Mjomba aliugua kiuno tangu Ukunda, ila tulipovuka daraja la Kilifi na kuona maji yale chini akasahau.

Mwongozaji tulimpata kupitia chama cha waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mgiriama, amezaliwa pembeni ya msitu, baba yake alikuwa akitega sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Nilimweleza kwenye simu: tuko wawili, mmoja mzee, hatutaki mbio, na tunataka atuambie na habari za watu, siyo ndege peke yake. Akacheka, akasema kwake hivyo viwili havijawahi kuachana.

Siku ya kwanza alitupeleka hori la Mida maji yakijaa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakwenda maji yakiwa yametoka kabisa, ndege wanakuwa vitone vya mbali kwenye tope. Ukienda maji yakipanda yanakusogezea ndege yenyewe. Kuna daraja la mbao la wanakijiji linapita katikati ya mikoko, mwisho wake kibanda. Tukakaa. Sululu, vitwitwi wa kila namna, heroe wachache kwa mbali, na kundi la wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa kubangulia korosho, wanaokula kaa. Mjomba aliwatazama kwa darubini muda mrefu, hakusema kitu. Halafu: "Hawa Pangani nimewaona. Sikuwahi kujua wana macho mazuri hivi." Jua lilipozama wakaja keremkeremu wekundu kulala kwenye mikoko, mamia, ukadhani mtu kamwaga makaa ya moto angani.

Siku ya pili msituni. Kutoka tulikolala tulifika getini saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa sijamwambia mjomba tunamfuata nani.

Tulipita kwanza sehemu ya miti ya mirihi, ardhi ya mchanga mweupe, msitu uko wazi. Kisha tukapanda gari mpaka upande wa udongo mwekundu, vichaka vimesongamana huwezi kunyoosha mkono. Mwongozaji akatuacha njiani, akaingia peke yake. Dakika kama arobaini. Akatoka ana mikwaruzo usoni, akatuita kwa kidole. Tukainama, tukatambaa, akaelekeza kwenye tawi lililo usawa wa kichwa changu.

Wawili. Wamebanana. Kila mmoja hazidi kiganja changu na vidole vyake. Mmoja wa kijivu, mwenziwe rangi ya kutu. Yule wa kutu akafumbua jicho moja, la manjano, akatutazama kama mtu aliyeamshwa na wadai.

Mjomba akavuta istighfari, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka njiani. Nilipomfuata aliniambia, "Mwanangu, nimeona watu wakimkimbia uchuro. Sijaona anayemfuata kwa nauli."

Nikaona safari imeharibika. Mwongozaji hakubishana naye. Alikaa chini kando yake akamwambia, Mzee, hata kwetu ni hivyo hivyo, ni ndege wa wachawi, na nilipoanza kazi hii bibi yangu alilia. Alikataa kula kwa mkono wangu. Mwezi wa kwanza nilipolipwa nikanunua gunia la unga, nikaliweka mlangoni, nikamwambia bibi, huyu bundi wako ndiye aliyelibeba. Akakaa siku mbili halijafunguliwa.

Mjomba akauliza, "Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu njaa ikashinda uchuro."

Mjomba alicheka mpaka akashika mti. Hakurudi kumtazama tena, nisiwadanganye. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anamuuliza yule kijana wanalala saa ngapi, wanakula nini, wanaoana vipi.

Siku ya tatu Gede, ya nne tukapumzika na kurudi. Nitaendelea nikipata nafasi. Maswali karibuni.

#2 Fundi Darubini

Dada umeandika. Mimi nina darubini niliyorithi, haijawahi kuona kitu zaidi ya jirani. Ni namba gani inafaa msituni? Na gharama zikoje, tusizunguke.

#3 Mti Mkavu

Yaani watu wanavuka mpaka, wanalala hoteli, wanalipa mtu awaonyeshe ndege aliyelala. Mimi kwangu wananinyea kwenye gari kila asubuhi, bure. Njooni niwaongoze.

#4 Chozi wa Pangani

@Fundi Darubini: tulizokodi zilikuwa 8 kwa 42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Mwongozaji alisema 10 inakuza zaidi lakini mkono ukitetemeka kidogo ndege naye anatetemeka, na msituni kwenye giza ile ya 8 inaona vizuri zaidi. Gharama: kilichokula pesa ni chumba na ile gari ya kwenda udongo mwekundu. Kiingilio cha msitu raia wa Afrika Mashariki hatulipi kama wageni wa mbali, beba kitambulisho au pasipoti. Malipo ya hifadhi za Kenya yanafanyika kwa mtandao wa eCitizen, usifike getini na noti mkononi kama sisi. Mwongozaji hulipwa kwa siku au nusu siku, mkubaliane kabla, na usimpunje: yule aliamka saa tisa.

@Mti Mkavu: wanaokunyea unawajua majina?

#5 Mti Mkavu

Kunguru.

#6 Mwana wa Jilore

Mimi ni wa hapo hapo. Chozi umesema kweli, niongeze machache.

Yule bundi mdogo anaishi kwenye udongo mwekundu, na ukimtafuta kwenye mchanga mweupe utazunguka mpaka Ramadhani. Duniani yuko sehemu chache mno: huku kwetu, na misitu ya chini ya Usambara Mashariki kwenu Tanga. Dada umevuka mpaka kumfuata ndege uliyemwacha nyuma ya nyumba, ha ha. Jina lake la kitaalamu limebeba jina la mwanamke aitwaye Irene, alipewa na yule Mmarekani aliyemwandika mwaka 1966. Wazee wetu walimjua kabla Irene hajazaliwa, ila hawakuwa na karatasi.

Pia mkija, muulizeni mwongozaji habari za mnana wa Kilifi. Ndege wa manjano na mweusi, anaruka kwa makundi juu ya mirihi, hayuko popote duniani nje ya kaunti yetu. Aliandikwa tangu enzi za Mwingereza na kwa takriban miaka mia hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vilipoonekana Dakatcha, kule ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye dimbwi la msimu, kwenye nyasi za majini. Fikiria, ndege wa msituni, kiota chake kiko bwawani. Na Dakatcha hiyo hiyo ndiyo inayokatwa mkaa na kulimwa mananasi. Ukienda huko unganisha na Marafa uone korongo la Nyari, wazee wakusimulie juu ya tajiri aliyeoga maziwa mpaka Mungu akamdidimiza na mji wake. Hiyo ni siku moja nzima, na ni siku nzuri.

Sasa dukuduku langu. Kuna wageni huletwa na makampuni, asubuhi ndege, jioni "utamaduni". Jioni hiyo vijana wanavalishwa mahando, zile sketi za asili za Wagiriama, wanachezeshwa mbele ya bwawa la kuogelea dakika ishirini huku watu wanakata nyama. Niliwahi kuwaona wakiucheza mwanzele pale. Mwanzele mimi nimeukuta matangani, wazee wakikesha kumsindikiza marehemu. Nilisimama jikoni nikaona haya, sijui haya ya nani. Nilikuwa mpishi.

#7 Kanga Mweusi

Lakini wale vijana wamelipwa, Mwana wa Jilore. Ngoma ikikaa bila kuchezwa nayo inakufa. Bora iliwe na wazungu kuliko isahaulike.

#8 Mwana wa Jilore

Wamelipwa sahani ya chakula na nauli. Sijakataa ngoma kuchezwa. Nimekataa ya msiba kuchezwa kwenye keki.

#9 Binti Chake

Nimefuata harufu ya bundi nimefika. Pemba tunaye wetu, hayuko kwingine duniani. Nenda msitu wa Ngezi magharibi inapoingia, wanalia kwa kuitikiana, huyu upande huu yule upande ule. Ndege wanne ni wa Pemba peke yake: bundi, ninga, chozi na yule mdogo wa kijani mwenye duara jeupe jichoni. Ninga wetu watoto walikuwa wakimpiga manati sana, siku hizi wamepungua, wapigaji nasema.

Na kama mzee wako hataki bundi, mlete Kidike awaone popo. Popo wa Pemba, wakubwa, wananing'inia mchana kweupe kama maembe yaliyoiva. Zamani walikuwa kitoweo. Sasa kijiji kinawalinda na mgeni analipia kuwatazama. Mimi mwenyewe bibi yangu alishawala, anasema nyama tamu, na kila akipita pale anawasalimia kwa jicho ambalo popo wanalielewa.

Njia ya Ngezi unapita kwenye karafuu zimeanikwa barabarani. Ukifika msimu wa mavuno usiwe na haraka, utasimamishwa kila nyumba.

#10 Mgeni wa Maskati

Asalaam aleikum. Nimesoma habari za wale weupe wa Mida wanaokula kaa nikashindwa kupita. Mimi ni mtoto wa Unguja, niko Oman mwaka wa kumi na tisa. Ndege hao huku wako tele, hasa Barr al Hikman, tambarare kubwa ya tope mkabala na kisiwa cha Masirah. Mambo yao ni ya ajabu: ni ndege wa pwani anayechimba shimo mchangani kama kaa anayemla, anataga ndani, yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulilalia. Wanazaa pande hizi za Ghuba na Bahari ya Shamu wakati wa joto, kisha wengi wao wanashuka kwenu. Msimu wa kaskazi wapo Mida, kusi likishika wameshaondoka.

Babu yangu alikuja Unguja kwa jahazi la kaskazi. Sikutegemea kukuta ratiba yake kwa ndege.

#11 Chozi wa Pangani

Mgeni wa Maskati, nimemsomea mjomba. Amesema "wa aleikum salaam, mwambie kwa hiyo hao ni Washihiri", wale Waarabu waliokuja kwa majahazi.

#12 Ndezi wa Kilombero

Mnaongelea ndege na utamaduni halafu hamjataja sufuria? Mwaka 1991, milima ya Udzungwa, wataalamu wa Kidenmaki wako kambini wanakula mchuzi. Mmoja akaona miguu kwenye sufuria hailingani na ya kuku. Wakauliza, wakaambiwa ni kwale wa huku msituni. Wakaenda kuwatafuta wakiwa hai, kumbe ni ndege ambaye sayansi haijawahi kumwandika. Wakakuta jamaa zake wa karibu wako bara Asia. Wenyeji walikuwa wanamla siku zote.

#13 Fundi Darubini

Kwa hiyo mchuzi waliumaliza au?

#14 Ndezi wa Kilombero

Hapo historia imenyamaza.

#15 Kanga Mweusi

Ndiyo maana nasema mwongozaji wa kweli ni mpishi.

#16 Nyuki wa Singida

Na mlembe je? Huyu anayekuita, anatangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga, wewe unakula asali yeye nta. Wataalamu wamefanya utafiti. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanamwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi na kuishilizia mguno. Wahadzabe wa kwetu wanampigia mluzi. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo: mlembe wa Niassa anaitika mguno wa Niassa kuliko mluzi wa kigeni, na wa Wahadzabe vivyo hivyo. Yaani ndege ana lugha mama.

Nimewahi kwenda ziwa Eyasi na kampuni moja ya utalii, siitaji. Tulifika alfajiri, tukaambiwa tutafuata mlembe na wawindaji. Walikuwepo wageni wengine magari matano. Kila mtu anapiga picha, watoto wa Kihadzabe wamepangwa mstari. Mlembe gani atakuja hapo? Mwongozaji wetu alikuwa wa mjini, hajui neno la Kihadzabe, kila swali anajibu "ni mila zao". Mzee mmoja wa pale ndiye aliyenionea huruma, akanipeleka pembeni, akapiga mluzi mara moja kunionyesha. Hakuja ndege. Lakini ule mluzi mpaka leo ninao sikioni, na ndio pekee niliourudisha nyumbani katika pesa yote ile.

#17 Mti Mkavu

Sawa, sasa naanza kuelewa. Naomba kuuliza kwa heshima: kuna ulazima gani wa mwongozaji? Simu ina programu ya kutambua sauti za ndege. Unawasha, inakutajia.

#18 Mwana wa Jilore

Simu haitaingia kichakani ikachanwa uso.

#19 Chozi wa Pangani

Na haitajua njia ipi tembo wamepita usiku. Sokoke wamo tembo, mlijue hilo. Mwongozaji alikuta mavi yanafuka mvuke, akatugeuza bila maelezo. Mjomba ndiye aliyenieleza baadaye, nilidhani kijana amesahau kitu.

Kuhusu simu, kuna jambo nilitaka kuliandika. Kuna waongozaji wanapiga sauti ya bundi iliyorekodiwa ili atoke. Niliwahi kuona hivyo safari nyingine, mahali pengine, miaka mitatu nyuma: jamaa alipiga sauti ile robo saa nzima na tochi usoni mwa ndege. Ndege akaja, kweli, tukapiga makofi. Huyu wa Sokoke nilipomgusia akanieleza kwamba bundi akisikia ile sauti anajua kuna mwenziwe amevamia kwake, anaacha kuwinda, anazunguka kumtafuta adui asiyekuwepo. Ukija wewe leo, na mwingine kesho, na mwingine kesho kutwa, huyo ndege atalisha watoto saa ngapi? Ndiyo maana anawatafuta kwa macho mchana walipolala. Nikakumbuka makofi yangu.

Sasa Gede, niliahidi. Mji wa mawe ya matumbawe uliohamwa karne ya 17, uko ndani ya miti mikubwa. Msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, vyoo vya watu waliojipenda. Umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Mjomba alisimama mbele ya kibla akasoma Fatiha, walinzi wakamwachia. Nilichopenda ni kwamba yule yule mwongozaji wa ndege ndiye aliyetuzungusha. Anakuonyesha ukuta wenye tundu la bakuli la Kichina, hajamaliza sentensi, hondohondo wanapita juu wanalia kama watoto wachanga, anakuonyesha, anarudi kwenye bakuli. Nilipomuuliza kwa nini miti haikukatwa pale akasema watu waliogopa waliokaa humo zamani. Sehemu nyingi za msitu huku zimeponea hofu. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ni hivyo hivyo.

Angalizo: kima wa Gede ni majambazi. Alininyang'anya mahamri mkononi, mbaazi akaniachia.

#20 Kaniki

Kwa kuwa kaya zimetajwa. Mimi ni wa Kwale. Kaya ambayo wageni wamezoea kupokelewa ni Kinondo, karibu na Diani. Unafungwa kaniki, unaingia na mzee, hutoki na kitu, hata jani. Kaya hizi ziliingizwa UNESCO mwaka 2008, lakini hilo halimaanishi zote ziko wazi. Kaya Fungo ya Wagiriama huendi kwa sababu umesoma uzi. Kama mwongozaji anakuahidi kaya yoyote kwa bei yoyote, huyo mkimbie. Wa kweli atakwambia "ngoja niulize", na jibu linaweza kuwa hapana, na utalipokea.

Ndege wamo, maana ni msitu ambao haujaguswa. Lakini ukiingia na darubini shingoni, mwombe mzee ruhusa kwanza. Wengine hawajali, wengine wanaona unachungulia makaburi.

#21 Fundi Darubini

Wakuu nimeshawishika. Mke na watoto wawili, miaka 9 na 12. Naenda Machi. Wazo lolote? Mvua?

#22 Mwana wa Jilore

Machi mwanzoni, kabla masika hayajaanza. Ndege wa ng'ambo bado wapo Mida. Ukichelewa mpaka Mei wameshakwenda, ila mlango wa Sabaki unapata wa kutoka Madagaska. Vaeni mikono mirefu, suruali ziingie kwenye soksi, siafu hawajui likizo. Watoto wapelekeni Kipepeo pale Gede, mradi ulianza 1993: wakulima wa kando ya msitu wanafuga vipepeo, mabuu yakijifunga yanapelekwa nje kwenye maonyesho. Mama yangu alisomesha watu wawili kwa vipepeo. Na chakula cha mchana Dabaso, mkahawa wa wanakikundi uliojengwa juu ya mikoko. Sambusa za kaa. Agizeni mara mbili kwa mpigo, msisumbue jiko.

#23 Fundi Darubini

Wiki ya pili ya Machi. Nimerudi jana, ripoti.

Bundi hatukumwona. Mwongozaji aliingia vichakani mara tatu, akatoka hana kitu, akasema leo wamehama tawi. Mwanangu mkubwa akamwambia apige sauti kwenye simu (ameisoma wapi sijui, labda kwenye uzi huu huu). Akakataa kwa upole. Mtoto alinuna mpaka getini. Nilitaka kununa naye, nimeendesha gari kutoka Machakos.

Karibu na geti akatusimamisha. Kitu kikapita njiani, ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inachezacheza, miguu ya nyuma mirefu, na makalio ya rangi ya dhahabu kama amekalia rangi mbichi. Sange. Akasimama, akapiga mkia chini, akatoweka. Mwanangu mdogo wa miaka 9 hajaacha kuigiza ile pua, mezani, bafuni, kila mahali. Mwongozaji akatuambia baba yake alikuwa akiwatega hawa hawa kwa kamba, wanapita njia moja kila siku, ndiyo maana alijua pa kutusimamisha. Kumbe alichofunzwa na baba yake kutegea, ndicho anachotuonyeshea.

Mida tulikwenda maji yakipanda kama ulivyosema Chozi. Darubini ya urithi ilikuwa na ukungu ndani, nimetazama kaa na ndege kupitia mawingu. Sambusa tuliagiza mara tatu.

Dada, mjomba hajambo?

#24 Chozi wa Pangani

Hajambo, anakusalimu. Amecheka sana hapo pa rangi mbichi.

Tangu turudi ameanzisha daftari. Anaandika majina ya ndege kwa Kiswahili, kila jina na anavyolia, nami namwandikia yale ambayo mkono wake unachoka. Yamefika 43. Wanangu wamepewa kumi ya kukariri, mdogo anamwita kurumbiza "kurumbizi" na hakuna anayemsahihisha.

Kimemshinda yule mweupe mla kaa. Amewauliza wavuvi watatu hapa Pangani, wakampa majina matatu, na mmoja anadai babake ndiye aliyelitunga. Bundi wa Sokoke amemwandika pia, ukurasa wa mwisho, peke yake, mbali na wenziwe.

Jumamosi anakwenda Kipumbwi kuuliza wazee wa huko. Nauli nimempa mimi.